Si kila giza la macho ni mtoto wa jicho

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlitoa habari ya wazee waliopasuliwa macho wakaona tena. Binti yangu alinisomea, nikafurahi, kwa sababu kaka yangu naye alipona hivyo hivyo. Lakini mliandika kwamba upofu wa uzeeni sasa unatibika, na neno hilo limenikaa kooni. Nina miaka 58, nauza sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, soko la Kadutu, na jicho langu la kushoto halitarudi.

Hapa Bukavu mtu akilalamika macho, kila jirani ana jibu: ni mtoto wa jicho, ngoja akomae ndipo atolewe. Nami nililipokea jibu hilo, ingawa sikuwa na ukungu wowote. Mbele nilikuwa naona vizuri, noti naihesabu mwenyewe, sambaza aliyeoza namtoa kwenye beseni kabla mteja hajamwona. Pembeni ndiko nilikokuwa naibiwa. Waliokuja upande wa kushoto wakanisalimu nikanyamaza walisema Mama amepata kiburi. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, alinikwangua kiwiko pale Nyawera, nikamtukana, kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi. Na hakuna siku jicho liliniuma.

Niligundua kwa sababu ya pilipili. Nilijisugua jicho la kulia na mkono uliotoka kusaga pilipili, likafunga lenyewe kwa moto. Nikatazama kwa la kushoto kutafuta maji. Beseni lilikuwa mbele yangu, nami nikalipapasa kama mtu aliyeamka usiku. Nilikaa chini, nikafunika jicho moja, nikafunua, nikafunika jingine, mpaka wenzangu wakadhani nimepatwa na wazimu.

Daktari mpasuaji alinipima presha ya macho. Alisema ya kawaida iko kati ya 10 na 21. Yangu ilikuwa 38. Akaniuliza nimekuwa nikitia dawa gani. Nikatoa kichupa kwenye kitenge: matone niliyouziwa kwenye duka moja la dawa mtaani, ya kuondoa wekundu na muwasho, nami nikayatia karibu mwaka mzima bila mtu kuniuliza kitu. Yalikuwa na kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Dawa za namna hiyo zikitiwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho, na zinaweza hata kuleta mtoto wa jicho. Nimekata moyo mara nyingi nikikifikiria kichupa kile. Nilikilipa kwa makuta, pesa ya sambaza.

Alinieleza ugonjwa kwa ziwa letu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila siku, na yana mahali pa kutokea, kama Kivu inavyotokea kwa mto Ruzizi. Njia ikiziba, maji yanapanda, yanaukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo ukifa haufufuki. Hiyo ndiyo glakoma, ambayo wengi hapa tunaiita tansio ya macho. Mtoto wa jicho ni kitu kingine kabisa: lenzi iliyo nyuma ya mboni imeingia ukungu, lakini nyuma yake jicho linaweza kuwa zima. Daktari anaitoa lenzi chafu, anaweka ya bandia.

Kaka yangu aliogopa hiyo ya bandia. Plastiki ndani ya jicho? Daktari akamsimulia habari ya Mwingereza Harold Ridley, aliyeona marubani wa vita wamebaki na vipande vya plastiki vya ndege ndani ya macho, na jicho halikuvikataa. Mwaka 1949, huko London, akaweka lenzi ya kwanza. Kaka akakubali. Kesho yake walipomfungua bandeji alinitazama kimya, halafu akasema: «Dada, umezeeka.» Tulicheka mpaka tukalia.

Mimi nilipasuliwa wiki hiyo hiyo, na daktari yule yule. Matone ya timololi yalikuwa yameishusha presha mpaka 29, ikagoma hapo. (Mwenye pumu amwambie daktari kwanza, dawa hiyo inaweza kumbana kifua.) Basi akanifungulia njia ndogo kwenye weupe wa jicho la kulia, chini ya kope la juu, maji yapate pa kutokea. Sasa presha ni 14. Bandeji ilipotoka niliona vile vile nilivyokuwa naona jana yake, na kaka akaniuliza kwa huruma kama daktari amekosea. Hakukosea. Alikuwa analinda kilichobaki, na alikuwa ameniambia hivyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mhariri, mwandike tena, na muandike yote mawili. Hata mtoto wa jicho hasubiriwi siku hizi mpaka akomae. Mtu akishindwa kazi zake anapasuliwa. Na glakoma kila mwezi wa kungoja inakula kitu kisichorudi. Waambieni wasomaji wafunike jicho moja moja, lakini wasitosheke na hilo, waende wakapimwe presha, hasa wenye ndugu wa tumbo moja anayeugua, kwa sababu inatembea katika ukoo, na sisi watu weusi inatushika mapema zaidi.

Kwetu tumezaliwa saba. Wanne tumeshapimwa, na mdogo wangu mmoja amekutwa na 27, macho yake yote bado mazima, ameanza matone. Wamebaki watatu. Wa Kalehe anashuka na boti Jumatatu, anasema anakuja kununua vitenge. Nitampokea bandarini, na vitenge vitangoja.

Mama muuza sambaza,
Kadutu, Bukavu