Mama, Petro alivaa viatu vyake mwenyewe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Mimi sijambo, kazi inakwenda, na afya ninayo. Ujumbe wako wa sauti niliupata juzi usiku, nikausikiliza mara tatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo kabla sijaingia zamu. Umesema umepokea uponyaji, presha imekwisha, na tangu usiku wa mkesha hujagusa kidonge. Nilisikia furaha kwenye sauti yako, furaha ambayo sijaisikia tangu Baba alipotutoka. Ndiyo maana nimechelewa kujibu. Sikutaka kuijibu furaha hiyo kwa simu ya kukatikakatika. Nimeona niandike, mdogo wangu akusomee taratibu, na akifika mahali pazito asiruke.

Mama, naamini miujiza. Naanza na hilo usije ukadhani nimepoa kiroho baada ya kukaa ugenini. Niliamini nikiwa mtoto kwa sababu wewe uliamini, na sasa naamini kwa sababu nimeona.

Kwenye nyumba hii ya wazee ninayofanyia kazi yuko babu mmoja aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Alipoletwa, mkono wake ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Kila asubuhi namvalisha shati. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinielekeza nisimfungie kifungo cha mwisho kabla hajajaribu mwenyewe. Basi nasimama pembeni, naye anajaribu. Kidole gumba kinakwenda, cha shahada hakitaki. Kifungo kinateleza. Tunaanza tena. Dakika kumi zinapita namna hiyo, na wenzangu wananiita kwa sababu wengine bado hawajaoga. Tumefanya hivyo wiki kumi na moja, na kila asubuhi namwombea kimoyomoyo, wakati mwingine kwa machozi, wakati mwingine nikiwa nimechoka na sina hata neno la kusema. Wiki iliyopita kifungo kikaingia kwenye tundu lake. Babu akakitazama, akanitazama, akakipapasa kwa mkono uleule kuhakikisha. Nilipiga magoti palepale nikijifanya namfunga kamba za viatu.

Mtu anaweza kusema hayo ni mazoezi tu. Ni kweli, ni mazoezi. Lakini ni nani aliyeumba ubongo ambao ukiharibika sehemu moja, sehemu nyingine hujifunza kazi ya mwenzake? Askofu Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, aliwahi kuhubiri juu ya harusi ya Kana na yale mabalasi sita ya maji. Alisema yule aliyegeuza maji kuwa divai siku ile ndiye anayefanya hivyohivyo kila mwaka ndani ya mizabibu: mvua inashuka, mzabibu unainywa, divai inapatikana. Ila jambo hilo tumelizoea, hatushangai tena. Nilipolisikia kwa mara ya kwanza kanisani huku, nilijisikia kama mtu aliyesafishiwa miwani. Tangu hapo nikimpa mzee dawa mkononi siwezi kuiona kama kitu kilicho nje ya mkono wa Mungu.

Sasa nije kwenye presha yako, na hapa nasema kama mtu anayeishi na matokeo yake kila siku. Presha haiumi, Mama. Hilo ndilo baya lake. Jipu ukilipata unalijua, jino likioza linakukesha, lakini presha inaweza kukaa juu miezi na miaka ukiwa unacheka na kuimba kwaya. Kwa hiyo kusema "najisikia vizuri, hata kichwa hakiniumi" hakutuambii chochote. Inawezekana kabisa huo uzima uliokuwa unausikia ulikuwa kazi ya kile kidonge. Kidonge hakiing'oi presha, kinaishikilia chini, kama mtu anayeegemea mlango ili upepo usiufungue. Mtu yule akiondoka, huenda mlango usifunguke siku hiyo wala kesho yake. Siku upepo ukija kwa nguvu ndipo mtajua alikuwa anafanya nini pale. Wengi wa wazee ninaowaogesha walifika hapa kupitia mlango huo. Watoto wao wakija kuwaona wanarudia maneno yaleyale: mbona alikuwa mzima kabisa?

Nisamehe kama nasikika ninakufundisha dini niliyoipokea kwako. Lakini kuna maneno mawili kwenye ujumbe wako yaliyonikosesha usingizi. Ulisema, "Safari hii sitayumba." Niliporudia kusikiliza mara ya tatu ndipo nikayaelewa. Safari hii. Mama, unazungumzia safari ya Baba.

Nakumbuka wote tulivyofunga na kuomba Baba alipolazwa. Nakumbuka ulivyokuwa unalala sakafuni chini ya kitanda chake, umeshika ncha ya shuka lake ili akigeuka uamke. Na nakumbuka mtu aliyekuja msibani akakuambia kwamba imani ingekuwa kamili, Bwana angetenda. Sitamtaja, nilishamsamehe, ingawa ilinichukua muda mrefu. Ila neno lake naona bado liko ndani yako kama mwiba ambao nyama imeufunika. Ulipewa kuamini kwamba Baba alikufa kwa sababu uliyumba. Na sasa unaacha dawa ili umwonyeshe Mungu kwamba huyumbi tena.

Fungua Matendo sura ya 12. Tumezoea kuisoma kuanzia Petro gerezani, kwa sababu ndipo utamu ulipo: minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Lakini rudi kwenye mstari wa pili. Herode alimwua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga. Sura ileile, mji uleule, mfalme yuleyule, kanisa lilelile. Yakobo alikuwa mmoja wa wale watatu waliokwenda na Yesu mlimani. Unadhani hakuna aliyemwombea? Na Luka aliyeandika habari hiyo haongezi hata neno moja kusema kwamba Yakobo, au mama yake, au waombaji wake walipungukiwa imani. Anaandika kifo chake, basi. Anakiacha kiwe kizito kama kilivyo.

Halafu tazama hao waliokuwa wakimwombea Petro. Wanaomba kwa juhudi usiku kucha, Petro anabisha mlangoni, yule msichana Roda anakimbilia ndani kuwaambia, nao wanamjibu kwamba ana wazimu! Hawakuamini, Mama. Walikuwa wanaomba muujiza, na muujiza umesimama nje unagonga, wao wanabishana. Petro alikuwa ameshatoka gerezani hata hivyo. Kama Mungu angekuwa anapima imani kwenye mizani kabla ya kutenda, Petro angeuawa asubuhi ile. Yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu, katika Marko sura ya 9, alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto akapona. Aliyumba mbele ya Bwana mwenyewe, kwa sauti, na hakukemewa.

Kwa hiyo Baba hakufa kwa sababu yako. Nakuandikia tena: Baba hakufa kwa sababu yako. Kwa nini Petro alitoka na Yakobo hakutoka, kwa nini jirani wa kitanda cha pili alirudi nyumbani na Baba hakurudi, mimi sijui, na anayekuambia anajua usimsikilize. Nimeacha kumwuliza Mungu swali hilo kwa hasira. Bado namwuliza.

Na kuna jambo jingine kwenye sura hiyo ambalo nililipita miaka yote. Malaika alipomwamsha Petro, minyororo ikaanguka bila Petro kuigusa. Hapo hakuna mtu angeweza chochote. Kisha malaika akamwambia ajifunge, avae viatu vyake, ajitupie vazi lake. Aliyeweza kuangusha minyororo asingeshindwa kumvika viatu! Lakini viatu Petro aliweza kuvaa mwenyewe, basi akaachiwa avae. Ukishaliona hilo hapa, utaliona kila mahali. Pale kwa Lazaro, watu waliambiwa waliondoe jiwe. Binti Yairo alipofufuka, Yesu akaamuru apewe chakula. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu miaka 15 zaidi, ahadi imekwisha kutoka, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, ndipo akapona. Mungu amesema utapona, na nabii anaagiza dawa. Isaya hakuona aibu, wala Hezekia hakuambiwa kwamba zile tini zimemvunjia imani.

Najua utaniambia, "Mwanangu, mimi nimeshapona, dawa ya nini?" Nami sisemi Mungu hawezi kukuponya presha. Anaweza, hata usiku ule wa mkesha anaweza. Lakini wale wenye ukoma kumi, Yesu aliwaambia nini? "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi kwa sheria ya Musa, anaangalia, anasubiri siku saba, anaangalia tena. Bwana mwenyewe aliwapeleka watu aliowaponya wakakaguliwe. Uponyaji wake hauogopi kupimwa. Basi anayekuambia kwamba kwenda kupima presha ni kumdharau Mungu, mwulize kwa upole, kwa nini Yesu hakuwaambia hivyo wale kumi.

Ninachokuomba ni kidogo. Nenda ukapime. Mwambie daktari ukweli wote, kwamba umeacha vidonge na ni siku ngapi, usione haya, wamewaona wengi. Yeye ndiye atakuelekeza uanze tena vipi. Kama presha iko chini na mwenyewe akasema tupunguze dawa, nitapiga vigelegele humu ndani mpaka majirani waje kuuliza kuna nini, na wewe utasimama kanisani na ushuhuda ambao hakuna mtu ataupinga. Kama iko juu, utameza kidonge, na utakimeza kwa sala ileile unayoombea chakula. Hakuna aliyewahi kukuambia kwamba kula ni kukosa imani, ingawa Mungu angeweza kukuweka hai bila kula.

Nami nitakuwa naomba. Kila siku nikitoka zamu natembea kama nusu saa mpaka ninapokaa, na mwendo huo wote ni wako. Sikufichi, kuna siku naomba nikiwa na hofu tupu. Natamani kukukuta mzima nikirudi. Natamani unifungulie mlango wewe mwenyewe, kwa mkono wako huo wa kulia unaojua kusuka nywele zangu bila kunivuta, nikiwa nimeketi katikati ya magoti yako. Huo mkono nauona kila asubuhi ninapomsubiri yule babu na kifungo chake.

Wasalimie wote wa nyumbani na waumini wenzako. Nitumieni zile namba mbili, ya juu na ya chini. Sitalala mpaka nizipate.

Ni mimi mwanao, kifungua mimba wako.

Mdogo wangu, wewe umeshafika mwisho. Usiseme mtakwenda Jumamosi. Msogezee Mama viatu vyake, muende leo.