Bolti za mlango wa mtungi zisirukwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotibu nguzo za umeme huku Mafinga na Njombe. Nimestaafu, lakini miaka 22 nilikuwa fundi wa mitungi ya dawa, yale matangi makubwa ya chuma ambamo nguzo hutiwa dawa kwa presha. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia kijana niliyemfundisha kazi, nikakuta mlango wa mtungi umefungwa kwa kurukaruka: bolti moja ipo, inayofuata haipo. Nikamuuliza. Akasema, "Mzee, zamu yenyewe fupi, na haijawahi kuvuja."

Tupige hesabu. Mlango ule una kipenyo cha mita 1.5. Dawa ikifika presha ya bari 10, unasukumwa nje kwa nguvu ya tani 180 hivi. Aliyeuchora aliugawa mzigo huo kwa bolti 48, karibu tani 4 kila moja. Ukitoa nusu, kila iliyobaki inabeba tani 7 na nusu. Hapo sijaigusa gasketi (kile kizibo cha kuzunguka mlango usivuje), ambayo wengi huisahau kabisa! Bolti kwanza inaiminya gasketi mpaka ijaze mikwaruzo yote ya flenji, ule ukingo wa chuma wenye matundu ya bolti. Presha ikija kuusukuma mlango, bolti hiyohiyo iendelee kuibana isilegee. Ndiyo maana mchoraji hupiga hesabu mara mbili, mtungi ukiwa mtupu na ukiwa na presha, kisha huchagua bolti kwa ile inayodai chuma kingi zaidi.

Halafu flenji hupinda katikati ya bolti na bolti. Ukiruka moja, pengo linakuwa maradufu, gasketi inalegea papo hapo, dawa inachuruzika. Anakuja mtu na spana aliyoirefusha kwa bomba, anazikaza za jirani mpaka zinavutika zisirudi. Nimezifungua nyingi za namna hiyo, shingo imekonda na nati imegoma kwenye nyuzi. Na kinachochuruzika ni dawa yenye aseniki na kromu, inamwagikia miguu ya vibarua.

Wenye viwanda, andikeni idadi ya bolti kwa rangi kwenye mlango wenyewe, na msimamizi wa zamu azihesabu kabla pampu haijawashwa. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nawaomba wasiishie kwenye geji na valvu ya usalama, wazishike bolti moja moja.

Siku ile tulizirudisha zote 48, tukakaza kwa kukabilisha, juu na chini, kushoto na kulia, raundi tatu. Tulitumia dakika 25.

Fundi mstaafu,
Mafinga, Iringa