Yale majani ya Msiria wenu

Posadas, Misiones, Argentina

Dadangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kutubana na masomo ndiyo hayo, yanasukumwa tu. Nimefurahi kusikia wamekutoa zamu ya usiku. Sasa angalau utalala kama binadamu.

Nije kwenye swali lako. Unasema hapo kazini kwenu Sharjah kuna fundi Msiria ambaye kila mapumziko hutoa kiglasi, akakijaza majani makavu, akachomeka kijirija cha chuma na kuongeza maji moto tena na tena, na ulipomuuliza alikwambia majani hayo yanatoka Argentina. Ukadhani anakutania. Hakutanii hata kidogo. Hiyo ni yerba mate (jina usilicheke, huku halina ubaya), na huenda ilivunwa si mbali na hapa ninapokuandikia. Argentina nzima yerba hulimwa mikoa miwili tu, huu wetu wa Misiones na sehemu ya kaskazini ya Corrientes, na kwa miaka mingi Siria ndiyo imekuwa mnunuzi mkubwa nje ya nchi. Wasiria na Walebanoni walianza kuhamia huku tangu mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi yao walirudi kwao, na mazoea haya wakarudi nayo. Wadruzi, watu wa dini ndogo ya huko Siria na Lebanoni, ndio walioyashika zaidi. Muulize kwao ni wapi. Akisema Sweida, mji wa Wadruzi kusini mwa Siria, basi amekunywa tangu utotoni.

Lakini hivyo anavyokaa na glasi yake peke yake, huku ni nusu ya habari. Unakumbuka wazee wa Kiteso pale kwetu Busia, na chungu chao cha ajono? Chungu kimoja katikati, mirija mirefu yenye kichujio nchani, na mtu wa kuongeza maji moto kila kinapopungua. Sasa toa pombe, punguza chungu mpaka kiwe kibuyu cha kutosha kiganjani, na badala ya mirija mingi acha mmoja tu wa chuma. Wazee wetu walinyonya wote kwa pamoja. Huku mnangoja zamu.

Na zamu ina mwenyewe. Katika kila kikundi mtu mmoja hushika birika, wanamwita cebador, na akishaanza hakuna wa kumpokonya. Wa kwanza kunywa ni yeye. Siku za mwanzo mgeni huona ni uchoyo, kumbe anajitwika taabu: kibuyu cha kwanza ndicho kikali kuliko vyote, maji yake ni vuguvugu, na vumbi la majani huziba mrija. Akishakinywa, anakijaza tena na kukupa, mrija ukiwa umekuelekea. Unakunywa chote mpaka mrija ukorome, na kukoroma huko si utovu wa adabu. Kisha unamrudishia yeye, humpi jirani yako. Anajaza, anampa wa pili. Ukikishika kibuyu huku unasimulia hadithi zako watakwambia, "hiyo si maikrofoni!" Wewe unavyopenda kusimulia, ungeambiwa kila jioni.

Mrija usiuguse. Usikoroge, usiusogeze, hata kama mkono unakuwasha. Unaziba kichujio, na tena ni kama kumwambia mwenye birika kwamba kazi imemshinda. Na neno "asante" lichunge sana. Hulisemi kila unapopewa, unalisema ukiwa umetosheka na hutaki tena. Ukishalitamka, zamu yako inarukwa moja kwa moja na hakuna atakayekubembeleza. Kwa sisi tuliolelewa kushukuru hata kwa maji ya kunawa, ni shida kidogo.

Mama mwenye nyumba wangu ndiye ninayempenda akiandaa. Anajaza majani theluthi mbili ya kibuyu, anafunika mdomo wake kwa kiganja, anakipindua na kukitikisa. Kiganja kinatoka na unga wa kijani, anaupangusa kwenye aproni. Kisha anakilaza kibuyu ubavu ili majani yaegemee upande mmoja na upande wa pili ubaki shimo. Shimoni anatia maji ya vuguvugu kidogo, anangoja majani yavimbe, anaziba tundu la mrija kwa kidole gumba na kuuzamisha mpaka chini. Tangu hapo maji moto humiminwa palepale kando ya mrija, kwa mchirizi mwembamba, na majani ya juu yanabaki makavu. Yanalowa kidogo kidogo, ndiyo maana ladha inadumu mpaka chupa nzima ya lita moja iishe. Ukiona povu limekwisha na vijiti vimeanza kuelea, majani yamechuja. Hapo mwenye birika anayeendelea kumimina anajitafutia maneno.

Maji yenyewe hayachemshwi. Yakianza kuimba kwenye birika, kabla ya kutokota, unayaondoa, yawe nyuzi 70 hadi 80 hivi. Yaliyochemka huunguza majani na kuyatoa uchungu wa bure, tena huunguza na koo. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kooni. Kosa ni la moto. Mate isiyo ya moto sana haikutiwa kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo iache ipoe kidogo kibuyuni. Nakwambia hivi kwa sababu najua unavyokunywa chai ikitoka jikoni, na ugonjwa huo kwetu magharibi mwa Kenya si mgeni.

Najua pia utauliza kuhusu mate ya vinywa vya watu, maana mrija ni mmoja. Wakati wa Korona watu walihimizwa kila mmoja atumie kibuyu chake, na wako ambao hawajarudi kwenye duara mpaka leo. Siwalaumu. Mwenye mafua huku hujitoa mwenyewe, angalau wenye adabu zao.

Ladha? Chungu, yenye moshi kwa mbali, na inaamsha akili kwa sababu ina kafeini. Majani ni ya mti wa msituni ambao shambani hukatwakatwa ubaki mfupi. Yakishavunwa hupitishwa kwenye ndimi za moto kwa sekunde chache tu yasije yakageuka meusi, hukaushwa, hupondwa, halafu ile nzuri huachwa ghalani miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Wabrazili wa kusini hawangoji, wanakunywa mbichimbichi, ya kijani kibichi na laini kama unga. Mimi hiyo imenishinda.

Ng'ambo ya mto Paraná, ukivuka daraja tu, ni Encarnación, Paraguay. Huko joto likipanda wanakunywa tereré: majani yale yale kwa maji ya barafu yenye mitishamba iliyotwangwa kwenye kinu, ndani ya pembe ya ng'ombe. UNESCO waliitia kwenye orodha ya urithi wao mwaka 2020. Upande wetu watu humimina juisi ya matunda badala ya maji, na Waparaguai wakiona wanatikisa kichwa. Januari, jua likiwaka, niko upande wa Waparaguai.

Wa kwanza kuyatumia majani haya walikuwa Waguarani, wenyeji wa asili wa huku. Wahispania walipokuja walijaribu kuyapiga marufuku, wakashindwa, wakaishia kuyafanyia biashara. Mapadre Wajesuiti ndio waliogundua namna ya kuotesha mbegu zake, ambazo ni ngumu kuota, na walipofukuzwa mwaka 1767 mashamba yao yakafa. Magofu ya misheni yao yako San Ignacio, nitakupeleka ukija. Baadaye Mfaransa mmoja, mtaalamu wa mimea Aimé Bonpland, alijaribu kuilima upya karibu na mpaka. Mtawala wa Paraguay, Francia, hakutaka mshindani, akatuma askari wakamkamata mwaka 1821 na kumzuia nchini kwa karibu miaka 10. Kwa ajili ya majani!

Kuna jambo linalonikera, na nisipokwambia nitakuwa nimekupamba tu. Saa hizi ni msimu wa mavuno. Asubuhi na mapema unaona malori yenye wavunaji wa yerba waliokaa juu ya magunia, wavunaji hao wanaitwa tareferos. Wanakata kwa mkono, wanafunga mzigo unaoweza kukaribia kilo 100, na wanalipwa kwa uzito. Malipo ni madogo, na watoto nao wamewahi kuonekana mashambani. Pakiti nzuri za dukani hazina picha yao.

Kibuyu chako nimeshakinunua. Usikitumie kabla ya kukitibu: kijaze majani yaliyokwisha kutumika yakiwa na maji moto, kiache mpaka kesho yake, kwangua nyama laini ya ndani kwa kijiko, suuza, rudia tena, kisha kiache kikauke kabisa mdomo wazi, la sivyo kitaota ukungu. Majani mwulize Msiria anaponunua, usihangaike kuagiza huku. Na mwambie nimesikia milimani kwao hupangusa mrija kwa ganda la limau kabla ya kumpa mwingine. Kama ni kweli, akuonyeshe, kisha uniandikie.

Mama ukimpigia simu mwambie pesa za dawa nimetuma.

Ni mimi dadako.