Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa kutoka sufuria kwenda tenki

Ndugu wanachama, habari zenu na poleni na majukumu. Hesabu za chama mhazini atazisoma mwenyewe, mimi naongelea hili la tenki maana ndo limetusumbua mwaka mzima.

Wenzetu kadhaa wa mtindi wameacha sufuria ya lita 20 wakaingia tenki la lita 300, wakijua ni kuzidisha vipimo tu basi. Mtindi ukatoka mkali, maji yamejitenga juu, wateja wakarudisha. Kalcha, yaani wale bakteria wa kugandisha mtindi, ileile, ng'ombe walewale, sasa shida nini? Shida joto. Chombo ukikiongeza kimo na upana mara 2, ujazo unapanda mara 8 ila ukuta wa kutolea joto unapanda mara 4 tu, kwa hiyo mtindi ukishaganda katikati ya tenki bado kuna joto, na wale bakteria wanaendelea kula sukari ya maziwa na kutoa asidi usiku kucha wewe umelala.

Kwenye semina yetu tuliliona hili kwa macho. Maziwa yalichemshwa hadi nyuzi 85 yakakaa hapo nusu saa, yakapozwa hadi 43, kalcha ikaingia, halafu tukawa tunachota kidogo kidogo na kupima pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka asidi imezidi, ikaanza 6.6 ikashuka taratibu, na ilipokaribia 4.6 kijiko kikasimama maana hapo ndo protini ya maziwa inashikana. Fundi akafungulia maji ya baridi yazunguke kwenye ukuta wa pili wa tenki palepale, hakusubiri hata dakika. Huo mtindi mliuonja wenyewe.

Lingine ni dawa. Kuna maziwa yaligoma kabisa kuganda, kumbe ng'ombe alikuwa anatibiwa kiwele na aliyekamua hakusema, na bakteria wa mtindi penisilini kidogo tu inawamaliza. Jamani, masaa 6 yakipita maziwa bado maji usiongeze kalcha, nenda kamuulize mfugaji, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziheshimiwe, hayo maziwa wanakunywa watoto.

Kamati inaomba mpitishe leo ununuzi wa kipima pH cha chama na tenki moja la kuta mbili la kutumia kwa zamu. Bei za mafundi wa stenlesi mhazini anazo, mwulizeni kabla hatujapiga kura.