Icheze na injini, usiiulize

Swahiba yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imenifikia pamoja na karatasi ya mchezo wako wa raundi ya mwisho. Nimeupanga ubaoni hatua kwa hatua hadi pale mlipopeana mikono kwa sare, na roho imeniuma kwa ajili yako, maana ulicheza vizuri mno hadi kufikia hapo. Nafasi ile ilikuwa ya ushindi. Mfalme wako g8 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa mlalo), askari wako g7, ngome yako f1. Mwenzio ana mfalme e7 na ngome h2. Ndiyo nafasi maarufu ya Lucena, iliyopewa jina la Mhispania aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1497 (ajabu ni kwamba ndani ya kitabu hicho nafasi yenyewe haimo).

Umeniandikia kwamba uliwahi kuisoma na ulijua kabisa kuwa inashinda. Naamini. Ila dakika za lala salama, saa inakimbia na mkono unatetemeka, kilichosomwa tu hakitoki. Kinachotoka ni kile ambacho umeshakicheza dhidi ya mtu asiyekusamehe. Na kwa sataranji, asiyesamehe ni injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza sataranji.

Fanya hivi. Fungua tovuti ya sataranji ya Lichess, nenda kwenye ubao wa kupanga kete, weka nafasi hiyohiyo, kisha cheza na kompyuta kuanzia hapo ukiwa mweupe. Chagua kiwango cha 8, usijionee huruma. Anayecheza nyuma ya pazia ni injini iitwayo Stockfish, na hakudai hata senti. Bando likiisha, programu yao ya simu inacheza na kompyuta bila intaneti.

Anza na cheki ya ngome e1. Mfalme mweusi akienda f6, wako anakwenda f8 na askari hazuiliki tena kugeuka malkia, kwa hiyo atasogea d7. Sasa hatua ambayo ndiyo roho ya jambo zima: ngome yako ipande e4. Si e5, kwa sababu hapo mfalme mweusi anaishambulia mara moja kutoka d6. Ngome yake ikingoja h1, mfalme wako anakwenda f7, anapigwa cheki f1, anaenda g6, cheki g1, anaenda f6, cheki f1, anashuka g5, cheki g1, na hapo ngome yako inahamia g4 na kuziba njia. Cheki zimekwisha. Wachezaji huita hilo kujenga daraja.

Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini injini haikuahidi kufuata karatasi. Mfalme wako akiwa f6, huenda ikaacha cheki na kumleta mfalme wake d6 akutazame. Vitabu vingi hupita hapo haraka, na mtu aliyekariri huganda. Ukitulia utaona kuwa sasa e5 imekuwa salama, kwa sababu mfalme wako anailinda. Ngome iende hapo. Injini ikikupiga cheki f1, unaziba f5. Ikitulia, unaziba g5. Kubadilishana ngome hakuisaidii, mfalme wake yuko mbali na g8. Kitu kama hicho hukipati kwa kusoma. Unakipata kwa sababu kuna aliyekataa kushindwa kwa urahisi, ukalazimika kujua *kwa nini* ngome inasimama pale inaposimama.

Ombi langu moja, na hili nalisisitiza: zima ile namba ya tathmini pembeni ya ubao, inayoonyesha nani anaongoza. Ukiiacha wazi, utakuwa unaiuliza injini kila hatua kama umekosea au la, na macho yako hayatafanya kazi yoyote. Cheza mpaka mwisho, ndipo ukague. Kwa kukagua kuna hazina za Syzygy, ambazo tangu 2018 zimekokotoa matokeo ya kila nafasi yenye kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo. Zinachosema si maoni.

Baada ya Lucena, geuza ubao ujilinde. Chukua nafasi ya Philidor: mpinzani ana ngome, askari e5 na mfalme d5, wewe mfalme e8, na ngome yako imetulia kwenye mstari wa sita ili mfalme wake asipande. Subiri. Askari akisogea e6 tu, ngome yako ishuke mpaka mstari wa kwanza ianze kumpiga mfalme cheki kutoka nyuma, maana sasa hana pa kujificha. Philidor, Mfaransa, aliichambua mwaka 1777, na Stockfish yote na nguvu zake haiwezi kuivunja ukiicheza sawasawa.

Mfalme na askari dhidi ya mfalme peke yake sitakuelezea, umeshaiweza.

Ila ujue mpaka wa mwalimu huyu. Injini haikutegi kama binadamu. Nafasi ikiwa sare, kwake hatua nyingi ni sawasawa, itazunguka tu bila kukutafutia mahali pa kuteleza. Na ikijua imeshindwa, mara nyingine inatoa ngome bure ili kuchelewesha chekimeti. Kwa hiyo siku tukionana tucheze nafasi hizi sisi wawili, kila mmoja pande zote mbili, saa ikiwa mezani.

Mwisho, nakutumia nafasi moja aliyoitunga mchezaji mashuhuri Richard Réti mwaka 1921. Mweupe: mfalme h8, askari c6. Mweusi: mfalme a6, askari h5. Mweupe anaanza na anapata sare, ijapokuwa ukitazama utaapa kwamba mfalme wake hamfikii askari yule wala hawezi kumsaidia wake. Usiiweke kwenye injini kwanza. Niandikie hatua yako ya kwanza, na sababu yake.

Wako akupendaye,
Swahiba yako