Salamu za Krismasi kutoka Tukuyu: Mtoto Aliyelazwa Horini

Ndugu zangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kwenu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa watu wa Rungwe na Kyela nasema mugonile, na kwa watu wa Iringa na Njombe, kamwene. Namshukuru Mungu aliyetufikisha salama katika Noeli hii, na nawakumbuka kwa namna ya pekee wale ambao mwaka huu wamezika, kwa kuwa najua sikukuu huwa nzito pale mezani panapokuwa na nafasi ya mtu asiyekuwepo.

Krismasi ya nyanda za juu kusini huja na mvua. Ukungu umelala juu ya mlima Rungwe tangu asubuhi, mahindi yamekwisha kuchipua, gambuti zimepangwa mlangoni mwa kanisa, na karibu kila mzazi anapiga hesabu za mbolea ya kukuzia pamoja na ada na sare za Januari. Kwa hiyo anayetoa mwezi huu hatoi kilichobaki. Anatoa alichokihitaji mwenyewe, na hapo ndipo ninapoanza kuielewa habari ya Bethlehemu.

Mwinjili Luka anasema kwamba Mariamu alimlaza mtoto wake horini kwa sababu nafasi haikupatikana katika nyumba ya wageni. Sisi tunaofuga ng'ombe wa maziwa bandani hatuhitaji kuelezwa hori ni kitu gani. Ni mbao zilizogongomewa, kingo zake zimelainishwa na shingo za ng'ombe, na chini kabisa pamegandamana vipande vya mgomba na pumba iliyolowana na mate, ambavyo usipovikwangua kila asubuhi vinachacha. Kanisani tunalipamba hori kwa taa na vitambaa vyeupe, nami nafurahia mapambo hayo pamoja na watoto, lakini naogopa kwamba yametusahaulisha harufu ya mahali ambapo Mwana wa Mungu alilazwa.

Luka anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka. Torati, katika Walawi 12, ilimtaka mama aliyejifungua apeleke mwanakondoo, na aliyekuwa hana uwezo wa kumpata aliruhusiwa kupeleka ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Katika safari ya Mariamu na Yusufu kwenda hekaluni, Luka anataja ndege tu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anasema kwamba Kristo hakuung'ang'ania usawa wake na Mungu, bali alitwaa namna ya mtumwa; na mtumwa huyo ndiye tunayemwona baadaye, usiku ule kabla ya kusulubiwa, akiwaosha wanafunzi wake miguu. Aliyewahi kuvua gambuti baada ya kushinda shambani anajua kushika miguu ya mwenzake ni kazi ya namna gani.

Kwetu unyenyekevu huonekana katika salamu: tunapiga magoti mbele ya wakubwa na kushusha sauti. Ni desturi njema, na natamani watoto wetu wasiiache. Hata hivyo goti linaweza kupigwa na moyo ukabaki umesimama, na ndiyo maana nataka niwasimulie nilichokiona msimu uliopita.

Jirani yetu mmoja, mjane, alikuwa na mfuko mmoja tu wa mbolea ya kupandia. Nilikwenda kumsaidia kupanda. Kama mnavyojua, kila shimo hupata kisoda kimoja, yaani kizibo cha chupa ya soda, lakini yeye alijaza kisoda nusu, akakisawazisha kwa kidole gumba, akamwaga, akasogea kwenye shimo la pili, na kufanya hivyohivyo hadi mwisho wa mstari. Nilidhani anakosea. Nilipomuuliza, alijibu bila kuinua kichwa kwamba mwenzake wa upande wa pili wa mto alikuwa ameuguliwa na mume, akiba yote imekwenda kwenye matibabu, na shamba lake nalo linasubiri. Nusu ya mfuko ilikwisha kuvuka mto tangu jana yake. Mahindi ya mjane yule yalitoka membamba kuliko ya sisi wengine, na sikumsikia hata siku moja akieleza kwa nini.

Nawatakieni Krismasi yenye upendo wa namna hiyo. Nawaombea wauguzi watakaokesha wodini, walinzi watakaousikia wimbo wa Noeli kwa mbali wakiwa lindoni, na madereva wanaotuletea ndugu zetu kupitia mlima wa Kitonga katika mvua hizi. Ninyi mlioko njiani, njooni taratibu. Wali wa mchele wa Kyela utapikwa, kuni kavu zimewekwa darini, na mtakapofika, hata kama ni usiku wa manane, mtatukuta macho.