Klorini ipimwe kwenye kilula cha mwisho, si tenkini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa jumuiya za watumia maji mkoani Kigoma, zile tunazoziita CBWSO, hasa wanaosimamia miradi ya mserereko, yaani ya maji yanayoteremka yenyewe bila pampu, ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo.

Katika miradi mingi dawa, yaani klorini ya kuua vijidudu, hutiwa kwenye tenki, hupimwa palepale, daftari huandikwa na kazi huishia hapo. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba dawa imeingia. Hakionyeshi kama imemfikia mama anayekinga ndoo mwisho wa bomba, kilomita kadhaa huko bondeni. Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru, yaani ile iliyobaki na nguvu ya kuua vijidudu, isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na maji kwa dakika 30, na isipungue 0.2 pale maji yanapochotwa. Hiyo 0.2 ndiyo kinga ya mnywaji, na mahali pa kuitafuta ni kwenye kilula cha mwisho, yaani koki ya umma iliyo mwisho wa bomba.

Njiani dawa huliwa na tope na utando uliojijenga ndani ya bomba. Lakini adui mkubwa ni mgao. Valvu ikifungwa usiku ili tenki lijae, maji yaliyobaki bombani huteremka na bomba huanza kunyonya. Penye ufa litavuta kilicho nje, yawe maji ya dimbwi au ya choo kilichochimbwa karibu. Nendeni mkafunue chemba ya valvu ya hewa wakati wa mvua. Mara nyingi mtaikuta imejaa maji ya udongo mwekundu na valvu imezama. Kazi ya valvu ile ni kuingiza hewa bomba linapokauka. Ikizama, huingiza maji ya chemba. Inueni kuta za chemba zipite usawa wa ardhi, wekeni mfuniko unaoziba, na chini pawe na kokoto na njia ya kutolea maji. Hakuna ukarabati wa bei ndogo kuliko huo unaookoa watu wengi hivyo. Mpira wa koki ya nyumbani uliozamishwa kwenye pipa nao hurudisha maji machafu bombani kwa njia hiyo hiyo.

Kiasi cha dawa si cha kukisia, wala si cha kurithi kutoka kwa fundi aliyetangulia. Chukua unga wa klorini wa asilimia 65, gramu 15 hivi, uyeyushe katika lita moja ya maji safi. Umepata mchanganyiko wa asilimia moja. Panga ndoo nne za plastiki, kila moja na lita 20 za maji ya chanzo. Kwa bomba la sindano tia mililita 2 katika ya kwanza, 4 katika ya pili, 6 katika ya tatu na 8 katika ya nne. Koroga, funika, subiri dakika 30, kisha pima. Ndoo iliyobakiwa na 0.5 hivi ndiyo yenye jibu. Ikiwa ni ile ya mililita 4, maji yako yanahitaji miligramu 2 kwa lita: tenki la lita 50,000 litataka gramu 100 za klorini, yaani gramu 154 za unga huo. Halafu nenda kilula cha mwisho ukahakikishe.

Zoezi hili lirudiwe maji yanapobadilika. Yakija na tope linalozidi NTU 5 (NTU ni kipimo cha uchafu unaofanya maji yasiwe angavu), kuongeza unga hakusaidii sana, kwa sababu vijidudu hujificha ndani ya tope lenyewe. Fungeni maji yasiingie tenkini, yamwagwe kwenye chanzo mpaka yang'ae.

Unga hutiwa kwenye maji. Kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Acha mchanganyiko utulie, tumia maji ya juu, mashapo yabaki chini, maana ndiyo yanayoziba kifaa cha kudondoshea dawa. Unga ukae kwenye chombo cha plastiki kilichofungwa vizuri, pakavu, penye kivuli, mbali na mafuta ya taa na dizeli: vikikutana huweza kuwaka. Ndoo iliyoachwa wazi hupoteza nguvu, na hapo hesabu yote niliyotoa inakuwa ya uongo.

Wakati wa kupima, acha koki itiririke kwanza, suuza kichupa kwa maji yale yale, tia kidonge cha DPD Na. 1, kinachogeuza maji yenye klorini huru kuwa ya waridi, bila kukigusa kwa vidole, kisha soma rangi ya waridi mara kinapoyeyuka. Ukikawia, usomaji hupanda bila sababu. Jambo moja huwapotosha hata wazoefu: klorini ikizidi mno, rangi hupaushwa na maji huonekana kama hayana dawa kabisa. Ukipata sifuri mahali panaponuka klorini, changanya sampuli na maji yasiyo na dawa, upime tena.

Klorini haichukui nafasi ya maabara. Kiwango cha bakteria aina ya E. coli ni kutoonekana hata mmoja katika mililita 100. Sampuli yake iende kwenye chupa iliyotakaswa, ndani ya boksi la barafu, na ianze kupimwa kabla ya saa 24. Kwa Kakonko au Kibondo hilo linataka usafiri uliopangwa mapema na RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya, si chupa iliyopewa konda wa basi.

Fedha ya ndoo, ile wanayolipa wachotaji, inatosha kwa dawa na vidonge endapo vitakuwa gharama ya kwanza, kabla ya posho za vikao. Naomba pia usomaji wa kilula cha mwisho ubandikwe kila wiki kwenye ubao wa kijiji, tarehe na namba. Ukishuka chini ya 0.2, mwenyekiti atangaze siku hiyo hiyo watu wachemshe maji ya kunywa, na fundi aanzie kilulani kurudi juu, akipima kila chemba, mpaka apate mahali dawa inapopotelea.

Fundi wa maji,
Kasulu, Kigoma